Maswali ya Wasomaji: Vinasaba, Kompyuta na Darasa la Sekondari

Tangu safu hii igusie bioinformatiki, yaani taaluma ya kusoma taarifa za viumbe hai kwa kutumia hesabu na kompyuta, tumepokea barua kutoka kwa walimu, wanafunzi na wazazi. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa namna mbalimbali: je, somo hili linaweza kuingia darasani kabla ya chuo kikuu? Tumechagua barua tano.

Mwalimu wa Baiolojia, Morogoro, anauliza: Ndugu Mhariri, ninafundisha katika shule ya sekondari ya kata. Tuna kompyuta chache, baadhi haziwaki, na intaneti tuliyo nayo ni bando la simu yangu mwenyewe. Ningependa kuwaonjesha wanafunzi wangu bioinformatiki. Je, kwa hali hii inawezekana, na nianzie wapi?

Jibu: Inawezekana, Mwalimu, na kompyuta ulizo nazo zitatosha, kwa sababu vipindi viwili vya mwanzo havizihitaji kabisa. Katika mipango ya aina hii wanafunzi mara nyingi hupelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta, wakabofya tovuti wasiyoielewa, wakapata picha yenye rangi nyingi, kisha wakatoka bila kujua picha ile ilikuwa ikijibu swali gani. Sisi tungeanza na swali la baiolojia linalomsumbua mwanafunzi, kisha tungempa herufi za vinasaba, yaani A, T, C na G zinazowakilisha kemikali nne za DNA, kama ushahidi wa kulijibu, na tungemwachia atumie kalamu mpaka aone kwamba kazi imemzidi. Akifika hapo ataiomba kompyuta mwenyewe.

Swali linalofaa zaidi kwa darasa la Tanzania, kwa maoni yetu, ni la selimundu, ugonjwa ambao wengi mitaani huuita sikoseli. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 11, nayo hubeba maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayosafirisha oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Andika ubaoni herufi 30 za mwanzo za sehemu ya jeni hiyo inayotafsiriwa kuwa protini:

ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAGAAGTCT

Chini yake andika mfuatano unaosababisha selimundu:

ATGGTGCATCTGACTCCTGTGGAGAAGTCT

Ziandike zikiwa zimeshikana hivyo hivyo, bila nafasi, wala usiwaambie tofauti iko wapi. Watahangaika kidogo, kisha mmoja ataipata: herufi ya 20 imebadilika kutoka A kuwa T. Baada ya hapo wagawie jedwali la kodoni 64, yaani makundi ya herufi tatu na kile ambacho kila kundi hutafsiriwa kuwa, waambie wazikate herufi tatu tatu kuanzia mwanzo, watafsiri. Mfuatano wa kwanza utawapa asidi amino kumi, vijenzi vya protini: methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki mara mbili, lisini na serini. Katika mfuatano wa pili, asidi ya glutamiki ya kwanza imeondoka na mahali pake pamekaliwa na valini.

Hapa kutazuka ubishi, na tunakusihi usiuzime mapema. Vitabu vingi vinasema badiliko la selimundu liko kwenye asidi amino ya sita, ilhali wanafunzi wako wamehesabu saba. Wote wako sahihi. Methionini ya mwanzo hukatwa na kuondolewa baada ya protini kuanza kuundwa, na wataalamu wa zamani walihesabu kwa kuitazama protini iliyokamilika, wala si jeni. Vernon Ingram, aliyeonyesha mwaka 1957 akiwa Cambridge kwamba tofauti ya himoglobini hizo mbili ni asidi amino moja tu, hakuwa na njia ya kusoma vinasaba. Aliikatakata protini yenyewe na kuvitenganisha vipande vyake juu ya karatasi. Mwanafunzi aliyebishana kuhusu sita na saba hatashangaa baadaye atakapokuta hifadhidata mbili zinahesabu kitu kimoja kwa namna mbili, jambo linalowatesa hata watafiti wazoefu.

Kipindi cha tatu ndicho cha kompyuta, na moja inatosha kama kuna projekta. Fungua mfuatano wa kwanza katika programu yoyote ya kuandikia, utumie amri ya kutafuta maneno, utafute CCTGAGG. Utapatikana. Utafute katika mfuatano wa pili, na hutauona, kwa kuwa pale pana CCTGTGG. Kisha waeleze kwamba upo mkasi wa kikemia, kimeng'enya kiitwacho MstII, kinachokata vinasaba mahali penye CCT, kisha herufi yoyote moja, kisha AGG, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari waligundua kuwa wanaweza kukitumia kubaini selimundu hata kwa mtoto ambaye hajazaliwa: kimeng'enya kikikata, jeni ni ya kawaida, kisipokata mahali hapo, herufi imebadilika. Wanafunzi watakuwa wamefanya kwenye skrini kile ambacho maabara ilikifanya ndani ya mirija.

Kuhusu bando, usiwe na wasiwasi. Sehemu yote ya jeni hiyo inayotafsiriwa ina herufi 444, na faili lake halifiki hata kilobaiti moja. Mfuatano mzima wa kirusi cha UVIKO-19 uliowekwa hadharani Januari 2020 una herufi 29,903, yaani kama kilobaiti 30, pungufu ya picha nyingi unazotumiwa kwenye WhatsApp. Mafaili haya yanapatikana bila malipo katika GenBank, hifadhidata iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982. Yapakue mara moja kwa simu, uyaweke kwenye flashi, na mwaka mzima wa masomo hutahitaji intaneti tena kwa zoezi hilo.

Ukipata nafasi ya kipindi cha nne, wape swali la mabadiliko ya viumbe. Wagawie mnyororo wa beta wa himoglobini ya binadamu, wa sokwe kama wale wa Gombe, wa gorila na wa kuku, wahesabu tofauti. Kati ya binadamu na sokwe hawatapata hata moja. Kwa gorila watapata moja. Kwa kuku watachoka kuhesabu, na kuchoka huko ndiko tunakokutaka. Unaweza pia kuuliza kwa nini herufi inayoleta maradhi makali hivyo haikutoweka. Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye utafiti wake wa Afrika Mashariki ulionyesha kuwa mtu mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Tahadhari moja, Mwalimu. Katika darasa la Kitanzania ni jambo la kawaida kuwepo mwanafunzi mwenye selimundu, au aliyempoteza ndugu kwa ugonjwa huo. Ukiona darasa lako haliwezi kulizungumza jambo hili kwa staha, tumia muhogo. Virusi vinavyosababisha michirizi kahawia vina mifuatano yake katika GenBank, wanafunzi wengi wameuona muhogo uliooza ndani ingawa shina linaonekana zima, na wana haki ya kujua kwamba kuanzia 2017 watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya pamoja na wenzao wa nje walianza kutumia mashine ndogo ya kusoma vinasaba, inayoenea kiganjani, kutambua virusi vya muhogo vya wakulima, na baadaye wakaipeleka hadi shambani kwenyewe.

Mwanafunzi wa kidato cha tano, PCB, Mbeya, anauliza: Shikamoo Mhariri. Nilitumia simu ya kaka yangu kutafuta mfuatano wa protini kwa programu ya BLAST. Majibu yalikuja na namba inayoitwa E, na moja ilisomeka 4e-104. Nilimuuliza mwalimu, akasema ndogo ndiyo nzuri, lakini hakueleza kwa nini. Pia, je, ni lazima nijue kuandika programu?

Jibu: Marahaba. Umeuliza swali ambalo wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili hawalijibu vizuri, kwa hiyo soma taratibu ukiwa na kalamu.

BLAST, iliyotangazwa mwaka 1990, huchukua mfuatano wako na kutafuta mifuatano inayofanana nao katika hifadhidata kubwa. Tatizo ni kwamba katika rundo kubwa la herufi, mfanano wa bahati tu haukosekani. Chukua vinasaba vyenye herufi nne. Mfuatano wa herufi 10 unaweza kuandikwa kwa namna 4 kwa kipeo cha 10, yaani 1,048,576. Vinasaba vya binadamu vina herufi zipatazo bilioni 3. Tukichukulia kwamba herufi zimetawanyika ovyo na kwa idadi sawa, mfuatano wowote wa herufi 10 utaukuta humo karibu mara 2,900 bila sababu yoyote ya kibaiolojia. Ukiuongeza ufike herufi 20, namna za kuuandika zinapita trilioni moja, na matarajio ya kuukuta kwa bahati yanashuka hadi karibu 0.003. Ndiyo maana vianzio vya PCR (njia ya maabara ya kunakili vinasaba mara nyingi), vile vipande vifupi vya vinasaba vinavyoelekeza mahali pa kunakili, huwa na herufi zinazokaribia 20 badala ya 10.

E ni matarajio ya namna hiyo, ila yamekokotolewa kwa uangalifu zaidi: ni idadi ya mifanano yenye alama nzuri kama hiyo au zaidi ambayo ungetegemea kuipata kwa bahati tu katika hifadhidata yenye ukubwa ule. Namba uliyoiona, 4e-104, ni 4 iliyogawanywa kwa 10 kwa kipeo cha 104, kwa hiyo bahati haiwezi kuwa maelezo. Ukipata E ya 3, maana yake mifanano mitatu ya aina hiyo ingetokea yenyewe, na huna cha kumwambia mtu. Angalia jambo moja ambalo mwalimu wako hakulitaja: hifadhidata ikikua maradufu, na E ya mfanano uleule hukua maradufu. Namba haikubadilika kwa sababu protini zimebadilika. Limebadilika rundo ulilotafuta ndani yake. Na E ndogo inakuambia tu kwamba mfanano si wa bahati. Haikuambii kwamba protini hizo mbili zinafanya kazi moja mwilini. Hilo la pili linahitaji ushahidi mwingine, na wengi hulisahau.

Kuhusu programu, jifunze Python, lakini baada ya kuwa na kitu cha kuiuliza. Zoezi zuri la kwanza ni kuhesabu herufi A, T, C na G katika faili na kutoa asilimia ya A na T kwa pamoja. Mistari michache inatosha. Ijaribu kwa vinasaba vya *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria ambacho mfuatano wake ulichapishwa mwaka 2002, na utaona kwamba karibu asilimia 80 ya herufi zake ni A na T, wakati za binadamu ni kama asilimia 59. Kisha rudi kwenye hesabu ya herufi 10 tuliyoifanya hapo juu, ambayo ilichukulia kwamba herufi nne zina idadi sawa, ujiulize inaharibikaje kwa kimelea huyu. Ukiweza kulijibu hilo bila msaada, umeshaingia katika fani.

Mwalimu wa sekondari, Kisumu, anauliza: Klabu yetu ya sayansi ingependa kukusanya mate ya wanachama, tuyapeleke kwenye maabara binafsi yasomwe, kisha wanafunzi wachunguze vinasaba vyao wenyewe. Mnashauri vipi?

Jibu: Tunashauri msifanye hivyo. Vinasaba vya mtoto vinasema mambo ya baba na mama yake pia, na vinaweza kufichua undugu usiokuwepo au maradhi ambayo familia haijajiandaa kuyasikia, huku aliyeyafichua akiwa mwalimu wa klabu asiye na mafunzo ya ushauri nasaha wa jenetiki. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa taarifa nyeti, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Idhini ya mwanafunzi wa miaka 15 mbele ya mwalimu wake, tena mbele ya marafiki ambao wameshakubali, haiwezi kuitwa idhini.

Kama wanafunzi wanatamani kuviona vinasaba kwa macho, pondeni ndizi mbivu pamoja na chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mchuje, kisha mmimine polepole spiriti iliyopozwa kwenye friji. Nyuzi nyeupe zitapanda juu. Kwa uchunguzi wa kompyuta tumieni data zilizokwisha kuwekwa hadharani.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Unguja, anauliza: Assalamu alaykum. Nimesoma kuwa akili mnemba sasa inatabiri umbo la protini yoyote, na waliofanya kazi hiyo wamepewa Tuzo ya Nobel. Je, kuna haja tena ya sisi kujifunza haya?

Jibu: Wa alaykumu s-salam. Ni kweli kwamba Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa ajili ya AlphaFold, programu hiyo ya kutabiri maumbo, pamoja na David Baker kwa kubuni protini mpya kwa kompyuta. Lakini tazama programu ile ilijifunza kutoka wapi. Ilifundishwa kwa maumbo yaliyopimwa maabara na kukusanywa katika hifadhidata moja tangu mwaka 1971, na kwa kulinganisha mifuatano ya protini za viumbe wengi, kazi ileile ambayo tumemshauri Mwalimu wa Morogoro aifanye ubaoni kwa sokwe na kuku. Bila kazi hizo mbili za watu wengi kwa miaka mingi, programu isingekuwa na cha kujifunza.

Tena haijibu kila kitu. Himoglobini moja moja ya selimundu ina umbo linalokaribiana sana na la himoglobini ya kawaida. Maradhi hutokea molekuli nyingi zinapopoteza oksijeni na kunatana, kwa sababu ya ile valini moja, zikaunda nyuzi ndefu zinazoipinda chembe ya damu. Ukiipa programu mfuatano wa mnyororo mmoja, inaweza kukuchorea umbo zuri lisiloonyesha ugonjwa wowote. Mtu anayejua baiolojia ndiye atakayeuliza swali la pili.

Mama wa kijana wa kidato cha nne, Mombasa, anauliza: Mwanangu alikuwa akitaka udaktari, sasa anasema anataka mambo ya vinasaba na tarakilishi. Babake ana wasiwasi kwamba hakuna kazi. Je, masomo haya yanapatikana hapa kwetu, au ni mpaka ng'ambo?

Jibu: Mama, yanapatikana, na tena si mbali na nyumbani. Kilifi peke yake kuna Chuo Kikuu cha Pwani na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichunguza malaria na magonjwa ya watoto, na wakati wa UVIKO-19 kilikuwa miongoni mwa waliosoma vinasaba vya kirusi hicho nchini. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Nairobi chenye shahada ya uzamili ya bioinformatiki, kuna icipe inayoshughulikia wadudu na ILRI inayoshughulikia mifugo. Kampala, Makerere ina kituo mahsusi cha fani hii, na Dar es Salaam watafiti wa Muhimbili ni miongoni mwa wanaoongoza utafiti wa selimundu barani. Tangu 2016 mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Cape Town, ulitoa kozi ya utangulizi kwa madarasa ya nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, wanafunzi wakikaa nchini mwao pamoja na wasaidizi wao na kufuatilia mihadhara ileile.

Babake naye tusimpuuze. Kazi zipo, lakini hazitangazwi kwa wingi kama za uuguzi au ualimu. Nyingi ziko katika taasisi za utafiti, nyingi ni za mkataba, na nyingi humtaka mtu awe na shahada ya uzamili. Kwa hiyo kijana asitafute shahada ya kwanza yenye jina hilo kwa lazima. Achague shahada iliyo imara, iwe biokemia, takwimu, sayansi ya tarakilishi au hata udaktari wenyewe, kisha aingie fani hii baadaye. Kwa uzoefu wetu wanaokwama ni wale walioikimbia hisabati, wala si wale waliochelewa kujifunza tarakilishi. Asiache hisabati, na asiache kemia.

Kwa likizo hii kuna jaribio lisilo na gharama. Iko tovuti iitwayo Rosalind, iliyopewa jina la Rosalind Franklin, yenye mazoezi ya bioinformatiki yanayopangwa kuanzia mepesi. La kwanza ni kuhesabu herufi za vinasaba, baadaye kuna la sungura wanaozaliana kwa hesabu za Fibonacci, na kabla ya kufika la kumi kuna la kutafsiri mfuatano kuwa protini. Mazoezi ni ya Kiingereza, lakini cha kidato cha nne kinatosha. Mwacheni ajaribu bila kumsimamia. Akifika kwenye sungura akaanza kuwaambia mezani kwamba swali limemshinda ila anadhani amepata njia, mpelekeni akamtembelee mtafiti mmoja Kilifi, hata kwa nusu siku, akamuulize mwenyewe juu ya mishahara na mikataba.